Fedha Zilitangulia, Mwenye Nazo Akafuata

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita mjini Morogoro, mbele ya wanafunzi wa uhasibu na sheria pamoja na walimu wao. Waliokosa kufika wameniomba niiweke nzima. Nimeondoa picha za ukutani tu, na vicheko viwili vitatu ambavyo haviandikiki.

Mwenyekiti wetu, walimu, wazee wenzangu, shikamooni. Na ninyi vijana, marahaba, hata wale ambao hamjaniamkia.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa mhasibu mstaafu. Ni kweli. Lakini nusu ya maisha yangu ya kazi niliketi nyuma ya dirisha la benki, upande wa malipo ya nje. Kwa hiyo leo sitazungumza kama mwanasiasa wala kama wakili. Nitazungumza kama mtu aliyekuwa akizitazama fedha zikiondoka nchini, moja moja, zikiwa na mihuri yote.

Nianze na uwanja wa ndege. Ni Februari 1999, uwanja wa John F. Kennedy, New York. Abiria anashuka, anafika kwa maofisa wa uhamiaji, anazuiwa kwa sababu ya viza. Kwa abiria wa kawaida hapo safari imekwisha, anageuzwa na ndege ileile. Huyu hakugeuzwa. Huyu alisema anaomba hifadhi ya kisiasa, kwamba akirudi kwao maisha yake yako hatarini.

Mnajua alikuwa nani? Pavlo Lazarenko. Chini ya miaka miwili kabla ya siku ile alikuwa Waziri Mkuu wa Ukraine. Siku ile yenyewe alikuwa bado mbunge na kiongozi wa chama. Bunge la kwao, siku chache hizohizo, lilikuwa limepiga kura kumvua kinga ya ubunge ili ashitakiwe. Yeye alikuwa ameshaondoka, akapitia Ugiriki, kisha Marekani.

Sasa nisikilizeni. Kiswahili chetu ni lugha yenye macho. Kina neno mkimbizi na kina neno mtoro. Wote wawili wanakimbia. Lakini mkimbizi anakimbia kitu alichotendewa, na mtoro anakimbia kitu alichotenda. Mama aliyevuka Ziwa Tanganyika na mtoto mgongoni mpaka akafika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, yule ni mkimbizi, na hakuna anayehitaji kamusi. Je, huyu bwana wa New York tumwite nani? Yeye alijiita mkimbizi. Serikali ya kwao ikamwita mtoro. Nawaomba swali hilo mkae nalo, msilijibu upesi. Mimi mwenyewe nimekaa nalo miaka mingi, na kila nikidhani nimelimaliza linanigeukia.

Lakini kuna swali jingine ambalo kwangu mimi mtu wa dirishani ni kubwa zaidi. Huyu mtu alianza kukimbia lini?

Mtasema Februari 1999. Hapana. Ile ilikuwa siku ya mwili kusafiri. Miezi kadhaa nyuma, mwaka 1998, kulikuwa kumeshanunuliwa jumba kule Novato, kaskazini ya San Francisco, kwa dola milioni 6.75. Kwa hiyo alipokuwa anamwambia ofisa wa uhamiaji kwamba hana pa kwenda, jumba lilikuwapo. Fedha zilikwishafika. Zilipita mpaka bila kuulizwa viza, zikanunua nyumba, zikakaa zinamsubiri mwenyewe.

Fedha zilitangulia, mwenye nazo akafuata. Likumbukeni hilo. Kama mtasahau mengine yote, hilo likumbukeni.

Turudi nyuma kidogo tumjue mtu wetu. Lazarenko alizaliwa mwaka 1953 katika kijiji cha Karpivka, mkoa wa Dnipropetrovsk. Hakuzaliwa tajiri. Alianza kazi kama dereva katika shamba la ushirika, akasomea kilimo, akapanda akawa mwenyekiti wa shamba kama lile alilokuwa akiendesha gari. Wazee hapa wa enzi za vijiji vya ujamaa mnaijua ngazi hiyo: dereva, bwana shamba, mwenyekiti, halafu chama kinakuona. Na mkoa wenyewe haukuwa mkoa wa mchezo. Dnipropetrovsk ulikuwa mkoa wa chuma na makombora. Brezhnev aliyetawala Umoja wa Kisovieti alitokea huko. Rais Leonid Kuchma alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha makombora hukohuko. Ukiwa mtu wa Dnipropetrovsk, mlango wa Kyiv huugongi.

Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, Ukraine ikawa huru. Mwaka 1992 Lazarenko akateuliwa kuwa mwakilishi wa Rais katika mkoa huo. Septemba 1995 akawa naibu wa kwanza wa Waziri Mkuu, mkononi mwake ikiwa nishati. Mei 1996 akawa Waziri Mkuu.

Na nchi ilikuwaje? Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 10,000. Sijakosea, elfu kumi. Mshahara wa asubuhi jioni ni karatasi. Katika muongo ule uchumi wa nchi ulipungua kwa zaidi ya nusu. Viwanda vikawa vinalipana kwa mali badala ya fedha: wewe nipe mabomba, mimi nikupe gesi. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Donbas wanakaa miezi bila mshahara, na mwaka 1996 wakagoma.

Katika nchi ya namna hiyo, vijana wangu, utajiri hautoki kwenye kuzalisha. Viwanda vyenyewe vimezimika. Utajiri unatoka kwenye kusimama langoni. Gesi inatoka Urusi na Turkmenistan kwa bomba. Nani aruhusiwe kuinunua kwa jumla na kuiuza mkoa upi? Nani apewe kibali cha kupeleka chuma nje? Nani alipwe kwanza? Hayo yote ni saini. Mwenye saini hana haja ya kuiba. Anangoja tu.

Na hapa nawaletea hadithi ya nusu kwa nusu.

Kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Petro Kiritchenko. Mtu wa kununua na kuuza, mali inatoka huku inakwenda kule. Mapema miaka ya 1990 akahitaji msaada wa mkuu wa mkoa, yaani Lazarenko, ili biashara yake isikwame. Miaka mingi baadaye, akiwa shahidi mahakamani, alieleza jibu alilopewa: kwamba bwana mkubwa hufanya kazi na kila mtu nusu kwa nusu. Hakusema kwa vitisho, hakuonyesha bastola. Ni kama mwenye nyumba anayekutajia kodi. Nusu kwa nusu. Na Kiritchenko akaanza kulipa, na kadiri mwenzake alivyopanda cheo, malipo nayo yakapanda.

Lakini je, alilipwa wapi? Kyiv? Dnipropetrovsk? Angezipokea pale, zingekuwa karatasi za elfu kumi kwa mia. Alilipwa nje. Polandi, Uswisi. Akaunti moja ya Uswisi iliitwa CARPO-53. Kijiji cha Karpivka, mwaka 1953. Unganisheni wenyewe. Mtu anaficha fedha akitumia jina la kijiji chake na mwaka aliozaliwa. Nimewafundisha makarani wengi kuchagua namba za siri, na nakuambieni hata Waziri Mkuu hukosea kama sisi.

Naomba niwape na yangu, msije mkadhani nanyoosha kidole nikiwa mlimani. Ilikuwa 1996, mwaka uleule wa Lazarenko. Nilikuwa katika benki moja Dar es Salaam. Akaja mteja, mtu mpole, na ankara ya vipuri vya mashine kutoka Ulaya. Nilipoitazama bei nikajua. Vipuri vile nilikuwa nimelipia mwezi mmoja nyuma kwa mteja mwingine, bei ilikuwa theluthi tu. Nikampelekea mkubwa wangu. Mkubwa akaitazama, akanitazama, akaniuliza: karatasi zimekamilika? Nikasema zimekamilika. Akasema, basi wewe kazi yako ni karatasi. Nikapiga muhuri.

Nilipiga muhuri. Theluthi mbili za fedha zile zilikwenda kukaa mahali, zikimsubiri mtu. Nimesoma kesi ya Lazarenko mara nyingi, na kila mara ninaposoma majina ya mabenki namtafuta yule karani. Kila benki alikuwapo mmoja. Aliona, akauliza, akaambiwa karatasi zimekamilika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoieleza hadithi hii kama hadithi ya Ukraine peke yake. Fedha zilitoka Ukraine, sawa. Lakini zilipokelewa wapi? Mwaka 1997 Lazarenko na Kiritchenko walinunua sehemu kubwa ya hisa za benki nzima, Eurofed, iliyosajiliwa Antigua. Antigua ni kisiwa cha Karibi kidogo kuliko Mafia. Nasema Mafia yetu ya Kilindoni, msicheke. Unapochoka kuulizwa maswali na mwenye benki, unakuwa wewe mwenye benki. Kutoka hapo nyingine zikaingia mabenki ya San Francisco, jiji lenye sheria, lenye wakaguzi, lenye mawakili kila ghorofa. Nyingine zilikuja kukutwa Guernsey, kisiwa cha Mfereji wa Uingereza, nyingine Liechtenstein, nyingine Lithuania. Ninyi mlio na umri wangu mnavijua visiwa vya Mfereji ule, kwa sababu nasi tuliwahi kuambiwa kwamba zilizoko huko ni vijisenti tu.

Naona dada mmoja pale mbele ameinua mkono. Antigua, eh? Nakuja, dada yangu. Nivumilie kidogo.

Je, katika safari hiyo yote, hakuna aliyekuwa amevaa tai? Wote walikuwa na tai! Wapo waliofungua akaunti, waliosajili kampuni, waliouza jumba. Wengi wao hawakuvunja sheria yoyote ya kwao, na hapo ndipo panaponiuma. Karatasi zilikuwa zimekamilika.

Sasa tuingie kwenye mbio zenyewe. Julai 1996, mwezi wa pili wa uwaziri mkuu wake, msafara wa Lazarenko ulikuwa unaelekea uwanja wa ndege wa Boryspil, aende Donetsk kwenye mgomo wa wachimbaji. Bomu likalipuka barabarani. Akanusurika. Nalitaja hili kwa makusudi. Alipofika New York akasema anaogopa kuuawa, hakuwa anatunga kila kitu. Ukraine ya miaka ile ilikuwa inaua. Novemba mwaka huohuo mbunge na tajiri wa Donetsk, Yevhen Shcherban, alipigwa risasi uwanja wa ndege wa Donetsk. Waendesha mashitaka wa Ukraine baadaye walimhusisha Lazarenko na mauaji yale. Yeye amekana, na hajawahi kupatikana na hatia hiyo.

Julai 1997 akaondoka kwenye uwaziri mkuu. Hakwenda kulima. Alishika chama kiitwacho Hromada, akakiongoza kwenye uchaguzi wa wabunge wa 1998, kikaingia bungeni. Akawa mpinzani wa Kuchma, huku uchaguzi wa Rais ukiwa mwaka 1999. Wenye akili pale mmeshaona. Mwendesha mashitaka anayefungua jalada la mpinzani mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, je, anatafuta haki au anatafuta ushindi? Na akiwa anatafuta ushindi, je, jalada linakuwa la uongo? Haliwi la uongo. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mtu anaweza kuwa anawindwa kweli, na akawa ameiba kweli. Aliyekuwa anamwinda naye si malaika.

Desemba 1998 alikamatwa Basel, mpakani, akiingia Uswisi kutoka Ufaransa. Alikuwa na pasipoti ya Panama. Waziri Mkuu mstaafu wa Ukraine, mbunge aliye kazini, na pasipoti ya Panama! Uswisi walikuwa wanamchunguza kwa utakatishaji wa fedha. Akawekewa dhamana ya faranga milioni 4, ikalipwa, akatoka. Akaenda wapi? Akarudi Ukraine, kwenye kiti chake cha bunge, kwenye kinga yake. Miezi miwili na nusu baadaye kinga ikaondolewa, na hapo ndipo tukaanzia leo.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za Lazarenko ziliishia ukingoni wa Pasifiki, California, lakini si katika jumba la Novato. Ziliishia mahabusu. Akakaa mahabusu mpaka 2003, akapewa dhamana ya dola milioni 86. Milioni themanini na sita! Na hata hapo hakuachiwa atembee, alifungiwa kwenye nyumba jijini San Francisco, chini ya ulinzi. Uswisi kwa upande wao walikuwa wameshamtia hatiani mwaka 2000 bila yeye kuwapo, kifungo cha nje cha miezi 18, na fedha zikataifishwa, dola milioni 6 na zaidi.

Wanasheria, amkeni, sehemu yenu imefika.

Kesi ya San Francisco ilianza kusikilizwa mwaka 2004, mbele ya Jaji Martin Jenkins. Mashitaka 53. Tangu Manuel Noriega, hakuna kiongozi wa zamani wa nchi nyingine aliyekuwa amesimamishwa kizimbani Marekani namna ile. Noriega wa wapi? Wa Panama! Ileile ya pasipoti. Kuna siku historia hucheka peke yake.

Swali la kwanza lilikuwa gumu kuliko mnavyodhani. Marekani inamshitakije mtu kwa jambo alilolifanya Ukraine, dhidi ya watu wa Ukraine? Utetezi ukasema: hata kama aligawana faida na wafanyabiashara, kwa sheria za Ukraine za wakati ule, hilo lilikuwa kosa gani? Onyesheni kifungu. Kwa hiyo majaji wa California wakawa wanasoma sheria ya jinai ya Ukraine, na ushahidi mwingine ulichukuliwa Ukraine kwenyewe.

Sasa hesabuni nami. Mashitaka 53. Kabla kesi haijakwenda kwa wazee wa baraza, jaji akafuta mengi, yakiwamo yale ya biashara ya gesi, kwamba ushahidi hautoshi. Yakabaki 29. Juni 2004 wazee wa baraza wakamtia hatiani kwa yote 29. Jaji akayapitia tena, akafuta mengine, yakabaki 14. Agosti 2006 akahukumiwa kifungo cha miaka 9 na faini ya dola milioni 10. Akakata rufaa. Mahakama ya rufaa ikayachuja, yakabaki 8.

53. 29. 14. 8.

Mojawapo ya yaliyoanguka kwenye rufaa lilihusu ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa kutoka Uholanzi, walionunuliwa kwa ajili ya shamba la serikali liitwalo Naukovyi. Na shitaka lilianguka kwa nini? Si kwamba mahakama ilisema ng'ombe wale walinunuliwa kihalali. Mahakama ilisema fedha zilizorushwa kwa njia ya benki, zile zilizotajwa kwenye shitaka, zilirushwa udanganyifu ukiwa umeshakamilika, kwa hiyo hazikuwa sehemu ya kuutekeleza. Mnaona sheria inavyokata? Kwa wembe.

Na yaliyobaki, yale 8, yalisimama juu ya nini? Juu ya Kiritchenko. Juu ya nusu kwa nusu. Gesi ilianguka, ng'ombe walianguka, ikabaki hadithi ya mtu mmoja aliyebanwa alipe. Yule aliyekula naye, aliyenunua naye benki, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha ushahidi akahesabu. Bibi yangu angesema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Ninyi mtakaokuja kuwa waendesha mashitaka, msimtafute adui wa mtuhumiwa. Adui anajua uvumi. Mtafuteni mshirika, maana anajua namba za akaunti.

Mwaka 2009 kifungo kikapunguzwa kuwa miezi 97. Tarehe 1 Novemba 2012 akatoka gereza la Terminal Island, California. Ukraine na Marekani hazina mkataba wa kukabidhiana wahalifu. Hakurudishwa Kyiv.

Na fedha? Mhasibu lazima aulize. Fedha ziko wapi?

Mwaka 2004 Serikali ya Marekani ilifungua kesi nyingine, Washington, na safari hii mshitakiwa hakuwa mtu. Walizishitaki fedha zenyewe, zaidi ya dola milioni 250, zilizokaa Guernsey, Antigua, Uswisi, Liechtenstein na Lithuania. Na mlango ulipofunguliwa, wadai wakapanga foleni. Lazarenko akasema ni zangu. Ukraine ikasema ni zangu. Wafilisi wa benki ya Antigua wakasema kuna haki yetu. Kesi ikapita miaka 10, ikapita 15. Mtoto aliyezaliwa Dnipropetrovsk mwaka kesi hiyo ilipofunguliwa alikua, akamaliza shule, akaingia umri wa jeshi katika nchi iliyovamiwa, na fedha zinazosemekana zilitoka mkoani kwake bado zilikuwa zinajadiliwa na mawakili wanaolipwa kwa saa.

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tulivyofundishwa. Nimelipima hilo dhidi ya kesi hii, halikai sawa. Huyu alichuma, akawaachia wa kwao janga zima, yeye akala kando. Labda wahenga hawakuwa wameona benki ya Antigua.

Transparency International, shirika linalopiga vita rushwa, mwaka 2004 walitoa orodha ya viongozi 10 waliodaiwa kujichotea zaidi. Lazarenko yumo, kati ya dola milioni 114 na 200. Mobutu yumo pia, dola bilioni 5. Ndugu zetu wa Kongo mliomo humu, najua, mkilinganisha hivyo mnaweza kumwona Lazarenko kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Lakini Mobutu alitawala zaidi ya miaka 30. Lazarenko alikaa kwenye kiti cha Waziri Mkuu miezi 13.

Wapo waliomfuata, nami nitawapitia mbio kwa sababu mwenyekiti ananionyesha saa. Dmytro Firtash, tajiri wa gesi, alikamatwa Vienna Machi 2014 kwa ombi la Marekani. Akatoka kwa dhamana ya euro milioni 125, akakaa Vienna miaka mingi akipinga kusafirishwa. Ihor Kolomoisky, huyu ni wa Dnipropetrovsk kama Lazarenko, aliwahi hata kuwa gavana wa mkoa huo mwaka 2014. Alikuwa mmoja wa wamiliki wa PrivatBank, benki kubwa kuliko zote nchini. Desemba 2016 serikali ikaitwaa benki hiyo, na benki kuu ikasema kuna shimo la dola bilioni 5.5. Yeye akawa anaishi nje, Uswisi na Israeli, akarudi 2019, na Septemba 2023 akakamatwa hukohuko Ukraine. Anakana mashitaka. Huyu ndiye aliyewahi kuulizwa kuhusu pasipoti zake, kwa sababu sheria ya Ukraine wakati ule haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Akajibu kwamba inakataza mbili, haijasema lolote kuhusu tatu. Alikuwa nazo tatu.

Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini mtazameni mtu huyo kwa jicho la dirishani. Pasipoti tatu ni milango mitatu. Nani anajenga nyumba yenye milango mitatu ya nyuma? Anayejua mapema kwamba siku moja watabisha hodi mbele.

Na hilo linanirudisha kwenye mkimbizi na mtoro. Nilisema nimekaa nalo. Nitawaambia nilipofikia, na mnaweza kunipinga. Nimeacha kumtazama mtu anayekimbia. Mtu anaweza kukimbia bomu la kweli na jalada la kweli kwa mguu mmoja. Natazama kilichomtangulia. Mama wa Nyarugusu alipofika kambini hakukuwa na kitu kinachomsubiri, hata turubai lilikuja baadaye. Lazarenko alipofika New York kulikuwa na jumba, kulikuwa na benki, kulikuwa na CARPO-53. Basi mimi ukiniletea mtu anayesema amekimbia, nitakuomba kwanza taarifa zake za benki za miaka mitano iliyopita. Nisamehe, ni kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Yule mteja wangu wa vipuri, kama mnataka kujua, hakukamatwa. Hakushitakiwa. Siku moja miaka mitatu baadaye nilisikia amehamia nje kwa watoto wake. Kila mtu ofisini alishangaa, akisema ameondoka ghafla. Mimi sikushangaa. Mihuri ya safari yake niliipiga mimi.

Haya. Dada wa mbele pale mkono wako umechoka tangu nilipotaja Antigua. Mpeni kipaza sauti. Karibu, dada.